Nusu Yangu, Nusu ya Wifi

Jumatatu, 4 Agosti

Itangazwe kwa wote, wakubwa kwa wadogo, walioko kazini na walioko likizo: leo, saa nne kasoro robo asubuhi, nimenunua rula. Ni rula ya plastiki ya sentimita thelathini, yenye ufa penye sifuri, kwa hiyo kila nitakachopima kitaanzia moja. Nimenunua pia kalamu nne za rangi nne na karatasi kubwa ya manila. Muuzaji ameniuliza kama ni vya mtoto wa shule. Nimemwambia ndiyo. Mtoto mwenyewe ana miaka thelathini na tisa, mume mmoja, watoto wawili na kiuno kinachouma.

Sababu ni hii. Bodi ya wahasibu imetangaza mtihani wa leseni, hatua ya mwisho, tarehe 25 hadi 28 Novemba. Karatasi ni nne: Taarifa za Fedha, Gharama, Ukaguzi na Kodi. Huu ndio mtihani wa mwisho wa mtaala wa zamani. Mwakani unaingia mtaala mpya wa karatasi sita, na atakayebakiwa na hata karatasi moja ya zamani anaanza upya zote, kama vile hajawahi kushika kalamu. Mimi nimebakiwa na zote nne. Nimeshaahirisha mara tatu: ya kwanza nilikuwa na mimba, ya pili nilikuwa na mimba, ya tatu sikuwa na mimba, niliogopa tu.

Na kuna kiti. Kampuni yetu inauza mabomba, masinki na vyoo, na mwenye leseni ni mmoja tu, mhasibu wetu mkuu, ambaye tunamwita Mzee Wino kwa sababu anasaini kwa kalamu ya kujaza wino na haiazimishi kwa mtu. Anastaafu mwisho wa Januari. Sheria inataka hesabu za mwaka zisainiwe na mwenye leseni, basi Mkurugenzi amesimama mbele yetu akasema karani wa hesabu atakayepata leseni kwanza atakaa pale pa Mzee, ili asitafute mtu wa nje. Makarani wa hesabu tuko wawili, mimi na wifi yangu.

Jumanne, 5 Agosti

Wifi ni mdogo wake mume wangu. Kazini nilimwingiza mimi, miaka sita iliyopita. Nilimfundisha hata namna ya kumjibu mteja anayerudisha choo alichokwisha kukitumia. Mwezi Mei alipougua wiki nzima nilimpikia supu kila siku, na baba watoto akampelekea kwenye chupa ya chai. Nayaandika haya si kwa kujisifu. Nayaandika ili ieleweke kwamba leo, aliponiita nile naye chakula cha mchana, sikuona ajabu.

Tunakula kwenye chumba cha maonyesho. Kuna vyoo viwili vya kifahari dirishani, vyenye mifuniko inayoshuka polepole, ambavyo havijaunganishwa na bomba lolote. Kila mmoja wetu ana chake.

"Wifi," akaniambia, "tukisoma kila mtu karatasi zote nne tutazikwa na vitabu. Tugawane. Wewe chukua Kodi na Ukaguzi, mimi nachukua Taarifa za Fedha na Gharama. Kila mtu anasoma nusu yake, anaandika muhtasari, anamfundisha mwenzake. Nusu kwa nusu."

"Kwa nini mimi ndiye wa Kodi?"

"Kodi inataka mtu mwenye subira. Mimi subira yangu unaijua."

Naijua. Ana subira ya maziwa jikoni. Nimekubali, tena kwa furaha, maana Taarifa za Fedha zimekuwa zikinitisha tangu ujana wangu.

Mtu wa stoo amepita na mkokoteni wa masinki, akatuona tumeketi tumeinamia karatasi, kila mtu juu ya choo chake. "Mashangazi," akasema, "mkimaliza, msisahau kuvuta maji."

Alhamisi, 7 Agosti

Ratiba imekamilika na imebandikwa ukutani sebuleni. Ina wiki kumi na sita. Nyekundu ni Kodi, bluu Ukaguzi, kijani Taarifa za Fedha, nyeusi Gharama. Nitasoma kila alfajiri kuanzia saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili na nusu, na Jumamosi mchana ni zamu ya kufundishana. Ni nzuri kiasi kwamba nimekaa kuitazama muda wote niliopangiwa kusoma.

Baba watoto ameikagua, mikono nyuma. "Na mimi ni rangi gani?"

"Wewe uko kwenye nafasi nyeupe, baba."

"Mbona nafasi nyeupe hazipo?"

"Basi umeona mwenyewe."

Alhamisi, 14 Agosti

Joto. Nimesoma sura ya kwanza ya Kodi na kulala ukurasa wa tisa. Alama ya mate ipo, kwa mkaguzi atakayetaka ushahidi.

Jumamosi, 23 Agosti

Somo la kwanza, mwalimu mimi. Nimemfundisha Wifi nafuu ya uchakavu, yaani kile kiasi ambacho mtu wa kodi anakuruhusu kukata kila mwaka kwa sababu mashine yako inazeeka. (Kwa wanawake haipo. Nimeangalia.) Nilieleza saa nzima, kisha nikampa hesabu sita. Yeye anakokotoa, mimi nasahihisha kwa kalamu nyekundu. Amepata mbili. Amekasirika, akataka nyingine sita.

Nimejigundua kuwa mwalimu mzuri. Nilikuwa nasahihisha huku nakula karanga.

Jumamosi, 30 Agosti

Zamu ya Wifi. Amekuja na daftari lenye pembe zilizojikunja, akanieleza mizania ya kampuni mama na kampuni tanzu bila kulifungua hata mara moja. Kichwa kile! Wiki tatu tu amesoma, na anazungumza kama aliyeandika kitabu. Nilipomwomba daftari ninakili, akalirudisha mkobani. "Bado halijakaa sawa, wifi. Nitakuandikia safi, wiki ijayo."

Somo limechukua dakika ishirini. Kisha akasema, "Sasa tumalizie muda na Kodi yako, au vipi?"

Jumatano, 3 Septemba

Mtu wa stoo amehama nyumba na hajamwambia mtu. Nimejua kwa viatu. Zamani vilikuja na vumbi jeupe, sasa vina udongo mwekundu, na anafika dakika kumi mapema. Nilipomwambia alinitazama kana kwamba nimemchungulia bafuni. Mimi shule ya haya sikuisoma. Ni macho tu, na miaka mingi ya kukaa kaunta. Hakuna kinachonipita.

Jumamosi, 6 Septemba

Kodi, saa mbili. Taarifa za Fedha, dakika kumi na tano. Wifi amesema muhtasari wiki ijayo.

Jumanne, 9 Septemba

Mzee Wino ameniita, akafunga mlango. Nikadhani nimekosea kwenye hesabu za mwezi. Kumbe anatoa bahasha: maswali kumi ya Kodi ya miaka iliyopita, na majibu kwa mkono wake.

"Fanyeni wote wawili," akasema. "Msiyasome kama gazeti. Mwekeane saa, mkae, mfanye."

"Tutafanya, Mzee."

Nimempa Wifi saba.

Nimeandika sentensi hiyo na kuitazama. Sikupanga. Mkono wenyewe ulifika kwenye la saba ukasimama. Kiti ni kimoja, na mimi nina miaka kumi na moja pale, yeye sita. Matatu yaliyobaki yako chini ya godoro langu, na sijayafanya. Najua tu kwamba yeye hana.

Jumamosi, 13 Septemba

Wifi amefanya maswali saba yote. Nimesahihisha hadi mkono umekufa ganzi. Amepata manne. Muhtasari: wiki ijayo.

Jumamosi, 20 Septemba

Muhtasari: wiki ijayo. Anasema printa ya nyumbani imekorofisha. Daftari lake ni la kuandika kwa mkono.

Ijumaa, 26 Septemba

Hatimaye nimepewa muhtasari wa Gharama. Ni karatasi nne. Nimezisoma mara mbili kutafuta kilichomo. Ni vichwa vya habari vya sura, vimepigiwa mistari vizuri, na chini ya kila kichwa pameandikwa "rejea kitabu". Hata orodha ya yaliyomo ina habari nyingi kuliko hizo.

"Wewe una akili, wifi," ameniambia. "Nikikuandikia mno nitakuwa nakutukana."

Mimi nimemwandikia kurasa themanini na sita za Kodi. Sikujua kwamba ni matusi.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mvua ya kwanza. Bati limelia ghafla, kila mtu ofisini akanyanyua kichwa kana kwamba ameitwa jina. Nyumbani ukuta wa sebule umeingia maji, nimehamishia ratiba kwenye mlango wa chumba chetu. Sasa baba watoto hawezi kutoka bila kuisoma.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mvua. Wifi hakuja, matope. Nimemtumia Ukaguzi sura ya tano hadi ya nane kwa simu, picha thelathini na moja, nikiwa nimesimama juu ya kiti dirishani ili mwanga utoshe. Amejibu kwa kidole gumba kimoja.

Baba watoto amenikuta juu ya kiti. Akasimama mlangoni, akaisoma ratiba mpaka chini, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Hivi," akasema, "kwa nini usisome tu zote mwenyewe?"

"Kwa sababu tumegawana."

"Ndiyo, lakini... ukisoma mwenyewe unakuwa na uhakika."

"Kuna nini, baba?"

"Hakuna kitu. Nasema tu." Akatoka kwenye mvua kwenda kupima upepo wa magurudumu ya gari.

Mume wangu ana tabia moja: akiwa na jambo moyoni anapima magurudumu. Wiki hii amepima mara tatu. Gari letu ndilo lenye upepo mwingi kuliko yote mtaani. Nimehisi ni mwanamke. Nimeangalia kola za mashati. Hakuna.

Jumapili, 19 Oktoba

Mvua. Nimehesabu sura za kijani zilizobaki bila muhtasari: kumi na moja. Nyeusi: saba. Nimempigia. "Wiki ijayo, wifi, kweli tena."

Jumanne, 28 Oktoba

Nimeomba ruhusa ya kusoma, wiki mbili kabla ya mtihani. Mkurugenzi amesema ofisi haiwezi kukosa makarani wote wawili, na Wifi alishaomba. Nimeliona jalada mezani. Barua yake ina tarehe 1 Agosti.

Tulianza kuongea habari za kugawana tarehe 5. Nimeiandika hapa ili niitazame. Labda alikuwa amejipanga tu. Wengine hujipanga.

Jumatatu, 3 Novemba

Leo kadi za mtihani zimetumwa na Bodi. Ofisi ina printa moja, iko kando ya meza yangu. Nimetuma yangu ichapwe, nikainuka kuichukua. Zimetoka karatasi mbili. Wifi alikuwa ametuma yake kutoka kaunta, na kabla hajainuka akakamatwa na mteja mwenye bomba lililopasuka, anayetaka kumweleza historia yake yote.

Yangu ilikuwa juu. Namba, picha (naonekana kama mtu aliyeamshwa), karatasi nne, tarehe nne. Nikafunua ya pili nimpelekee.

Karatasi za kufanya: Ukaguzi, tarehe 27. Kodi, tarehe 28. Basi. Chini yake, kwa herufi ndogo: *Zilizokwisha kufauliwa, Mei: Taarifa za Fedha. Gharama.*

Nimesoma mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani Bodi wamekosea. Mara ya pili nilidhani ni kadi ya mtu mwingine. Mara ya tatu daftari lile lenye pembe zilizojikunja lilinijia usoni lenyewe, pamoja na dakika ishirini, dakika kumi na tano, na kile kichwa nilichokisifu humu humu kwa alama ya mshangao. Hakuna kinachonipita! Nilijua mtu wa stoo amehama nyumba kwa kutazama viatu. Huyu nimekaa naye miezi mitatu choo kwa choo.

Nilingoja mchana. Akaja, akashusha mfuniko, akaketi, akafungua chakula chake. Nikaiweka kadi juu ya magoti yake.

Hakukana. Hilo nampa. Alifunga chakula chake polepole.

"Mei ulikuwa unaumwa," nikasema.

"Nilikuwa naumwa mtihani." Akajaribu kucheka, kicheko kikakataa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Je, kama ningeanguka? Wifi, wewe unajua hata mtu akibadilisha sabuni. Ningeanguka, ofisi nzima ingejua kabla sijashuka ngazi."

"Sawa. Na ulipofaulu?"

Mtu wa stoo alichungulia, akatuona nyuso zetu, akarudi kinyumenyume na mkokoteni wake bila neno. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Nilipofaulu," Wifi akasema, "nilihitaji Kodi."

Hivyo tu. Hakuipaka hata sukari.

"Ungeniomba tu. Ningekufundisha."

"Ungenifundisha kwa mkono mmoja. Ungejua mimi nimebakiza mbili na wewe nne, ungenifundisha nini?" Akaanza kukunja kadi yake mara mbili, mara nne. "Maswali ya Mzee yalikuwa kumi. Aliniuliza mwenyewe, *la tisa mmelionaje?* Nikamwambia lilikuwa gumu. Sijawahi kuliona hilo la tisa, wifi. Ulinipa saba, na mimi sikukusema."

Nikasema, "Matatu si sawa na nusu nzima."

"Si sawa," akasema. "Najua."

Akainuka. Mfuniko ukashuka wenyewe nyuma yake, polepole, kama ulivyotangazwa.

Nyumbani nilimkuta baba watoto anakunywa chai. Niliketi mkabala naye, sikuvua viatu.

"Wiki ile ya Mei," nikasema. "Supu ilikuwa inakwenda wapi?"

Akaweka kikombe. Akatazama mlango. Akatazama funguo za gari.

"Ukigusa gurudumu moja la gari lile," nikamwambia, "usirudi humu ndani."

Akaketi vizuri. "Aliniapisha, mama. Nilimpeleka ukumbini siku mbili za mtihani. Zile nyingine alikuwa kwake anasoma, hakutaka mtu."

"Nimeuliza supu."

"Nilikuwa nakunywa."

"Siku zote tano?"

"Ingeharibika." Kisha, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa utetezi: "Ilikuwa nzuri sana."

Nilikuwa naamka alfajiri kukatakata karoti ndogondogo, ili mgonjwa asipate taabu ya kutafuna. Yeye anakaa kwenye gari nje ya ukumbi wa mitihani, ananywa, anangoja dada yake atoke. Akirudi nauliza, "Anaendeleaje?" Anasema, "Afadhali kidogo."

"Ni mdogo wangu," akasema. "Ningefanyaje?"

"Na mimi ni nani wako?"

"Wewe una akili. Nilijua utapita tu, ujue au usijue."

Ni mara ya pili mwaka huu mtu wa ukoo ule kuniambia nina akili. Nimeshaelewa maana yake. Ni neno la kumwambia mtu unapomwachia mzigo wako.

Jumanne, 4 Novemba

Nimechana ratiba. Nimechora nyingine nyuma ya kalenda, wiki tatu, rangi mbili tu: kijani na nyeusi. Taarifa za Fedha na Gharama, alfajiri, mchana, jioni. Ukaguzi Jumapili. Kodi haimo. Kodi naijua, nimeifundisha mpaka sauti imekauka. Kusema kweli siwezi hata kuifungua. Kila ukurasa naona mkono wake, hesabu zake, tiki zangu nyekundu pembeni kama mjinga anayepiga makofi.

Ijumaa, 7 Novemba

Mvua. Kijani. Nyeusi. Sijasema na Wifi. Sijasema na baba watoto, isipokuwa "chumvi" na "sogea".

Jumatatu, 10 Novemba

Wifi ameanza likizo ya kusoma. Nafanya kazi za watu wawili. Mchana nakula peke yangu chumba cha maonyesho, kitabu cha Gharama juu ya choo chake. Mtu wa stoo ameniletea chai bila kuombwa, akaiweka, akasema, "Shangazi, hiki cha pili tulipata oda yake leo. Niseme kimeuzwa?" Nimecheka, nikachukia kwamba nimecheka.

Jumatano, 12 Novemba

Nimeelewa mizania ya kampuni mama na kampuni tanzu. Peke yangu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa kitabu. Miaka yote hii nilikuwa naogopa kitu cha kurasa ishirini na mbili. Nimekaa nikalia kidogo, kisha nikafanya swali la nne.

Ijumaa, 14 Novemba

Mzee Wino ameona ratiba yangu mezani. Anasoma kila kitu kuanzia chini, ni mazoea ya kazi.

"Kodi iko wapi?"

"Naijua, Mzee."

"Umefanya maswali mangapi?"

"Nimesahihisha zaidi ya sitini."

"Sikuuliza umesahihisha mangapi." Akanirudishia karatasi. "Kukokotoa ni mikono, mwanangu. Wewe uliketi ukasoma majibu niliyoandika mimi. Fanya hata yale kumi, kwa saa."

Nimemwambia nitafanya. Nilipofika nyumbani nilinyanyua godoro, nikayatazama yale matatu yamelala pale bapa, nikaona aibu, nikalishusha. Nimesoma Gharama.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua siku ya tano. Barabara ya nyuma haipitiki. Kijani tatu, nyeusi mbili. Baba watoto anaosha vyombo. Anaosha hata visafi.

Jumatatu, 24 Novemba

Kesho. Nimefanya mtihani mzima wa Taarifa za Fedha kwa saa, nikamaliza dakika kumi na mbili kabla. Sikuwa na Wifi, sikuwa na muhtasari. Kama ningeamua hivi Agosti, nisingekuwa nalala na hasira kama mto wa pili.

Jumanne, 25 Novemba

Taarifa za Fedha. Nimezinyoosha.

Jumatano, 26 Novemba

Gharama. Nimezinyoosha nazo. Nilitoka natembea kwenye mvua bila mwavuli kwa makusudi.

Alhamisi, 27 Novemba

Ukaguzi. Wifi alikuwa safu ya mbele, sweta ya zambarau. Hakugeuka. Karatasi ilikuwa ya wastani, na mimi nilikuwa wa wastani.

Ijumaa, 28 Novemba

Kodi. Maswali matano, saa tatu. Mambo yote niliyajua. Kila swali nililitambua kwa sura kama jirani. La kwanza lilikuwa nafuu ya uchakavu, mashine tisa, mbili zimeuzwa katikati ya mwaka. Nilianza kukokotoa, nikakosea, nikafuta, nikaanza tena. Nilipoinua macho ilikuwa saa moja na nusu imekwenda. Mbele yangu sweta ya zambarau ilikuwa inafunua ukurasa, inafunua tena, kwa mwendo ule ule wa Jumamosi zetu.

Nimejibu manne, la nne nusunusu. Yanatosha. Niliyoandika yote yana maelezo mazuri sana.

Jumatatu, 8 Desemba

Wifi amekuja nyumbani. Hakupiga hodi kwa sauti yake ya kawaida, kama ya polisi. Ameleta daftari la Taarifa za Fedha, lote, kurasa mia na kumi, maelezo kamili kwa mwandiko safi.

"La nini sasa?" nikamuuliza. "Mtihani ulikwisha siku kumi zilizopita."

"Nimeona likae kwako."

"Likae kwangu lifanye nini, wifi? Lifunikie sufuria?"

"Nitukane tu," akasema. "Nimekuja nitukanwe."

Nilijaribu. Nilikuwa na miezi ya matusi yaliyopangwa kwa rangi. Nikakuta kilichobaki ni uchovu. Nikamkaribisha chai. Tulikunywa tukizungumza habari za mvua, kwa heshima kubwa, kama watu wawili waliokutana kwenye foleni. Alipoondoka baba watoto aliuliza, "Mmepatana?" Nikamwambia akapime magurudumu.

Alhamisi, 18 Desemba

Mvua imekata. Kazi.

Jumanne, 6 Januari

Mzee Wino ameanza kutoa vitu vyake kwenye droo. Hakuna aliyethubutu kuuliza kiti kinaachwa kwa nani. Wifi anapita mbali nacho, mimi napita karibu.

Jumatano, 14 Januari

Matokeo ni keshokutwa. Nimeandaa hotuba, naiweka hapa ili isipotee. Itasemwa chumba cha maonyesho, tukiwa tumesimama. "Wifi, leo wewe una leseni na mimi nina leseni. Wewe umefika kwa mgongo wangu, mimi nimefika kwa miguu yangu. Karatasi ulizoninyima ndizo nilizoziweza kuliko zote. Kiti, Mkurugenzi aamue, na atazame miaka kumi na moja. Mimi sidai kitu. Nataka tu ujue kwamba ile nusu yako nimeisoma mwenyewe, na nimekusamehe, lakini supu hutaipata tena maishani mwako." Nimeisoma kwa sauti mara mbili bafuni. Sehemu ya supu inabidi isemwe polepole.

Ijumaa, 16 Januari

Yametoka saa tano asubuhi. Taarifa za Fedha, sabini na moja. Gharama, sitini na nane. Ukaguzi, hamsini na sita.

Wifi amefaulu zote mbili, Kodi amepata sabini na nne.

Mimi Kodi nimepata arobaini na saba. Ya kufaulu ni hamsini, na mtaala wa zamani umekwisha.